Stempu ya senti sita

Kila Jumapili, chai ikishanyweka, baba alikuwa akiloweka bahasha kuukuu kwenye bakuli la bati. Gundi ikiachia, aliitoa stempu kwa kibano, akailaza kifudifudi juu ya gazeti ikauke. Mimi nilikuwa namshikia daftari. Hapo kwetu Tanga hakuna nilichokipenda kama daftari lile.

Humo ndani ilikuwamo stempu moja ya Marekani ya senti 6, iliyotolewa mwaka 1970 kuadhimisha miaka 150 ya Fort Snelling, ngome ya jeshi huko Minnesota. Ina ngome, ina mashua, na mahema yenye ncha. Nilimuuliza baba nani analala kwenye yale mahema.

"Wenyewe," akasema.

Miaka mingi baadaye maisha yakanipeleka Minneapolis. Januari ya kwanza, siku ya mapumziko, nikapanda treni hadi Fort Snelling. Mnara wa duara upo vilevile, mawe yake ya manjano yamepigwa na theluji upande mmoja, na ndege zinapita chini chini kuelekea uwanjani. Dred Scott na mkewe Harriet walifungia ndoa ngomeni hapa, watumwa katika ardhi ambayo sheria ilikataza utumwa. Walipodai uhuru wao, mwaka 1857 Mahakama Kuu ya Marekani ikawanyima. Nilisimama pale muda mrefu kwa ajili yao.

Kisha nikateremka bondeni, Mto Minnesota unapoingia Mississippi. Wadakota, wenyeji wa asili wa nchi hii, wanapaita Bdote, na kwao ni mahali patakatifu. Huko chini ndiko walikozuiliwa baada ya vita vyao na Marekani vya 1862: watu wapatao 1,600, wengi wao wanawake, watoto na wazee, ndani ya uzio, majira yote ya baridi. Zaidi ya mia moja walikufa. Waliobaki, Mei 1863 walipakiwa kwenye meli za mvuke wakaondolewa katika nchi yao. Walikuwa wakilala kwenye mahema. Mahema yaleyale ya ncha.

Nikampigia baba. Kule ilikuwa saa nne usiku.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kwema?"

"Kwema. Nipo kwenye ngome ya stempu yako."

Alifurahi mno, nikasikia kiti kikisogezwa. "Ehe! Na mahema umeyaona?"

Nikamweleza yote, polepole, kwa sababu upepo ulikuwa unakata maneno. Hakunikatiza. Nilipomaliza, alinyamaza, halafu nikasikia kurasa zikifunuliwa, ile karatasi nyembamba aliyoweka kati ya kurasa ikichakarisha.

"Humu bado yamesimama," akasema.

Akaniuliza kama nimevaa glovu. Nikamwambia nimevaa, japo ya mkono wa kulia nilikuwa nimeivua nishike simu, na vidole nilikuwa sivisikii tena.