Kufuli mbili zinatosha kufundisha kriptografia

Watu wananiuliza unafundishaje kriptografia, yani elimu ya kuficha ujumbe, kwa watoto wa kidato cha pili wakati shule haina kompyuta, nawaambia kompyuta ya nini, hapa Tanga nenda Ngamiani kanunue kufuli mbili rudi darasani.

Mi naanzaga na kinyume, maana watoto wa huku wanakijua toka wadogo, silabi ya mwisho unaileta mbele, kesho inakuwa shoke, sokoni inakuwa nisoko. Shida ya kinyume ni kwamba mtu akishaijua ile janja basi, siri zenu zote kwisha. Mtaalamu wa kriptografia Auguste Kerckhoffs aliliandika hili mwaka 1883, kwamba njia yenyewe hata adui akiijua poa tu, kinachotakiwa kufichwa ni ufunguo, yani ile siri ndogo mnayoijua nyie tu ya kufungulia ujumbe. Hapo ndo pa kukazania, msipaharakishe.

Baadae wanachanganya herufi wanavyotaka wenyewe, A inakuwa M, B inakuwa T, wanaapa hakuna wa kuivunja. Nawaambia angalieni herufi za mwisho za kila neno tu. Kiswahili karibu kila neno linaishia na irabu, kwa hiyo zile herufi chache zinazojirudia mwishoni ndo a, e, i, o, u zenyewe, na inayoongoza kwa wingi mara nyingi ni A. Msomi Al-Kindi wa Baghdad alishaeleza mambo ya kuvunja siri kwa kuhesabu herufi tangu karne ya 9!

Halafu sasa kufuli. Asha anataka kumpelekea Juma barua ndani ya kisanduku, hawajawahi kupeana ufunguo, na kisanduku kinapita mikononi mwa darasa zima. Wanabishana weee mpaka mmoja anashtuka: Asha afunge na kufuli yake, Juma aongeze ya kwake juu yake akirudishe, Asha atoe yake, kikienda tena Juma anafungua. Ufunguo haujatoka mfukoni kwa mtu. Wataalamu wawili, Diffie na Hellman, mwaka 1976 walionyesha kwa hesabu kwamba watu wawili wanaweza kupata siri ya pamoja huku kila mtu anawasikiliza, na WhatsApp inatumia wazo hilohilo, yani liko kwenye simu za wazazi wao.

Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, "Madam, je mimi wa katikati nikiweka kufuli yangu nikarudisha, Asha atajuaje si ya Juma?" Hatajua. Hilo ndo somo letu linalofuata.