Siku Moja Maishani Mwangu: Dereva wa Watalii, Gouyave

Saa 11 alfajiri naosha basi langu dogo kwa mwanga wa taa ya barazani. Mama, Mzanzibari aliyeolewa huku Grenada, kisiwa cha Karibiani, ananiletea chai ya tangawizi. Ndiye aliyenilea kwa Kiswahili, na ndiye aliyenifundisha kuwa zao letu linaitwa kungumanga.

Saa 2 niko bandarini St. George's, meli imefika, wageni 9 wanapanda. Tunashika barabara ya pwani kwenda kaskazini, kona juu ya kona, bahari kushoto, milima kulia.

Saa 4, Gouyave, nilikozaliwa. Watu hudhani kazi yangu ni usukani na bakshishi, kumbe kazi yenyewe ni kusema. Ndani ya jengo la mbao kina mama wanachambua kungumanga, mikono haitulii. Nawaonyesha wageni basibasi, ule utando mwekundu unaokumbatia kokwa. Nawaonyesha kokwa zikitiwa majini: inayozama ni nzuri, inayoelea hafifu. Kisha nawasimulia Ivan, kimbunga cha tarehe 7 Septemba 2004. Nilikuwa na miaka 11. Kesho yake tulipotoka nje, vilima vilikuwa vimebaki vijiti vitupu, na sehemu kubwa ya mikungumanga ya kisiwa ilikuwa imelala chini. Mche huchukua miaka mingi kuzaa, na mpaka utoe maua mkulima hajui kama ni jike au dume. Baba alipanda upya. Wengi walikata tamaa, nami siwalaumu.

Bwana mmoja hakushuka. Alisema alilipia ufukwe, si ghala la viungo. Nikamwonyesha ratiba aliyoitia saini: Gouyave kwanza, ufukwe wa Grand Anse baadaye. Akasema ratiba imeandikwa kwa herufi ndogo. Nikamwachia kiyoyozi, mafuta yakiungua. Nikamletea kungumanga bichi, ganda limepasuka, basibasi bado inang'aa. Akaiweka kitini bila kuitazama. Wenzake waliporudi akataka arudishiwe fedha zake zote, hapo hapo. Dakika 40 tumesimama juani, mama mmoja mzee miongoni mwao akimsihi, "Bwana, tunachelewa." Mwishowe nilimrudishia nusu kutoka mfukoni mwangu, kwa sababu meli haimngoji mtu na wale 8 hawakuwa na kosa. Iliniuma. Fedha nitapata nyingine. Kilichoniuma ni kwamba hakuigusa ile kungumanga.

Baada ya hapo sikutazama saa tena. Ufukweni, bandarini, kwaheri, halafu kona zile zile kurudi nyumbani, mgongo unawaka.

Ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa jioni Gouyave ni samaki mtaani: jodari juu ya mkaa, kambakoche, ngoma. Mama alikuwa kwenye meza yake akikaanga "bakes", ndugu kabisa wa maandazi ya kwao Unguja. Alikuwa ameniwekea na sahani ya "oil down": shelisheli, majani ya magimbi, nyama ya chumvi na manjano, vimepikwa kwa tui mpaka likakauka, mafuta yakabaki chini ya sufuria. Nilikula nimesimama. Mama akanitazama, akasema, "Kaa, mwanangu."

Nilipofagia basi usiku niliikuta kungumanga chini ya kiti. Utando ulikuwa umeanza kusinyaa. Niliumenya, nikauanika juu ya dashibodi.