Simu ya watoto: nilivyotoka shilingi 26,000 kwa mwezi hadi 1,000 kwa wiki

Jioni ile mvua ilikuwa inapiga mabati ya Kariakoo hadi hatusikilizani na wateja. Saa kumi na moja nikampigia dada wa kazi, hapatikani. Nikampigia jirani yetu kule Gongo la Mboto. Akaniambia, "Mama, wanao wamefika zamani, wamekaa barazani wamelowa, ufunguo hawana." Kumbe dada alifungasha asubuhi akaenda zake kwao bila kuaga, na ufunguo akaenda nao.

Nilifika saa tatu kasoro usiku. Mdogo amelala kwenye kochi la jirani, mkubwa yuko macho anasubiri kunilaumu. Usiku huohuo nikasema basi, hawa wanahitaji simu.

Niseme kwanza hali yetu, maana mwenye hali tofauti hesabu zake zitakuwa tofauti. Mimi nauza vitambaa kwenye duka la mtu. Mume wangu ni dereva wa lori, anapita Tunduma kwenda hadi Lubumbashi, anaweza kukaa wiki tatu bila kurudi. Mkubwa ni wa kike, ana miaka 14, kidato cha pili. Mdogo ni wa kiume, miaka 10, darasa la tano. Shuleni simu haziruhusiwi, kwa hiyo simu ninayoizungumzia ni ya kukaa nyumbani, juu ya kabati, kuanzia wanaporudi mpaka mimi nirudi. Kama masaa manne hivi kwa siku.

Kwa haraka nikawapa simu janja yangu ya zamani, ile iliyopasuka kioo kwenye kona. Nikaweka laini iliyokuwa imelala kwenye pochi, nikanunua kifurushi cha mwezi cha shilingi 10,000: dakika kibao, meseji kibao, GB kadhaa. Nikajiona mzazi mwenye mipango. Nilinunua Ijumaa, Jumanne jioni simu ikaleta ujumbe kwamba data imekwisha. Dakika karibu zote zipo, hakuna aliyezigusa. Video ndizo zilikula kila kitu, na mdogo akaapa kwamba aliangalia "kidogo tu, mama, za magari."

Nikaingia kwenye mtego wa pili, na huu nilijitegea mwenyewe. Nikaona vifurushi vya usiku ni bei ya kutupa, data nyingi kwa hela ndogo. Nikamwambia mkubwa, kama una kitu cha kupakua cha masomo, pakua usiku. Sikuwaza kwamba usiku wa kifurushi unaanza wakati watu wamelala. Wiki ya pili mwalimu wake akanipigia kuniuliza kama binti ana tatizo nyumbani, maana anasinzia kipindi cha kwanza. Nikaamka siku moja saa nane kwenda msalani, nikaona mwanga wa bluu chini ya shuka.

Kituko cha tatu ndicho kilichoniuma zaidi. Nikaanza kuona vocha haikai. Naweka 1,000, baada ya dakika mbili imebaki mia tatu na kitu. Naweka tena, kesho yake haipo. Nilidhani naibiwa. Nilipoenda duka la huduma, kijana wa kaunta akafungua kompyuta akanionyesha. Kwanza, laini ilikuwa imekopa salio mara tatu, kwa hiyo kila nikiweka hela deni linachukua chake kwanza. Pili, laini ilikuwa imejiunga na huduma mbili za meseji za kulipia, moja ya nyota, nyingine ya matokeo ya mpira, kila siku zinakata. Mdogo alikuwa amebonyeza "ndiyo" kwenye kitu kilichotokea kwenye kioo. Mtoto wa miaka 10 analipia utabiri wa nyota yake! Nilicheka pale kaunta mpaka kijana naye akacheka. Ila nilipojumlisha mwezi wote, vocha, vifurushi vya kuongezea na hayo madeni, nikapata shilingi 26,000. Hapo sikucheka.

Nikaacha kununua kitu chochote, nikaanza kuandika.

Nilichukua daftari la mdogo lililobaki kurasa, nikachora mistari: tarehe, nani kampigia nani, dakika ngapi, kwa ajili ya nini. Kila usiku nafungua orodha ya simu zilizopigwa na kupokelewa naandika. Wiki mbili kamili. Ni kazi ya dakika tano, na ndiyo iliyoniokoa kuliko ushauri wote nilioupata kwa watu. Siku 14 zilikuwa na simu 61. Kati ya hizo 44 ni za kuingia: mimi nawapigia, baba yao anawapigia, bibi yao wa Korogwe anawapigia. Walizopiga wenyewe ni 17 tu, jumla dakika 23. Na kwenye hizo 23, dakika 11 ni mdogo anaongea na bibi yake habari za mbuzi.

Angalia hapo. Kupokea simu ni bure. Watoto wangu kwa wiki walikuwa wanatumia chini ya dakika 12, na mimi nilikuwa nanunua mamia. Mzigo wa mawasiliano ulikuwa tayari uko kwenye simu yangu na ya baba yao, na sisi tuna vifurushi vyetu. Walichohitaji ni laini iliyo hewani, dakika chache za dharura, na uwezo wa kubipu.

Hilo la kubipu nisilipite haraka. Laini ikiwa haina salio wala dakika hata moja, ukipiga haiiti, unasomewa tu kwamba huna salio. Kwa hiyo huwezi kuwaacha patupu kabisa ukasema watabipu. Inabidi kuwe na kitu. Ipo meseji ile ya bure ya "nipigie", lakini mimi dukani simu ikiwa kwenye droo meseji siioni, mlio nausikia.

Baada ya daftari nikauza ile simu janja kwa fundi, nikanunua kiswaswadu. Cha batani, kina tochi, redio, na betri ambayo tunachaji Jumapili na Alhamisi. Binti alinuna siku tatu. Mdogo aligundua kina mchezo wa nyoka, akasahau magari.

Sasa ikabaki mtandao gani. Hapa watu hupenda kubishana kama Simba na Yanga, kila mtu anatetea wake. Mimi nilifanya hivi: nyumba yetu iko bondeni, na mtandao wangu ninaotumia Kariakoo bila shida, pale chumbani kwa watoto unakamata ukisimama dirishani. Nikaomba majirani watatu wa mitandao tofauti waje kunywa chai, nikawaomba waweke simu zao juu ya kabati, palepale simu ya watoto inapokaa. Tukapigiana moja baada ya nyingine. Mmoja ulisikika vizuri, mwingine ulikuwa unakatika, wa tatu hata kuita haukuita. Kifurushi cha bei rahisi kwenye mtandao usioshika ni hela umeitupa, kwa hiyo nikachagua ule uliosikika, ingawa dakika zake ni chache kidogo kwa bei ileile.

Nikaenda kwa wakala wa pale stendi, kijana mwenye mwavuli. Laini ya mtoto inasajiliwa kwa jina la mzazi, maana kitambulisho cha Taifa hutolewa kwa mwenye miaka 18. Nikampa namba yangu ya NIDA, nikaweka kidole, ikakataa, nikafuta jasho, nikaweka kingine. Kwa sababu chochote kitakachofanywa na laini ile kitasomeka jina langu, nikaona nipige *106# nijue nina laini ngapi. Nakushauri uifanye hata leo. Nilikuta moja nisiyoijua kabisa. Nikaenda nayo hadi duka la huduma la mtandao husika, nikaikana, wakaiondoa.

Wakala akaniuliza, "Mama, nikufungulie na pesa kwenye laini?" Nikamwambia hapana. Laini ya watoto haina akaunti ya pesa na haitakuwa nayo. Sitaki mtu awapigie kujifanya mjomba, wala wapate ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" wakababaika. Zinakuja kweli, wiki ya kwanza tu ilikuja. Nilimfundisha mkubwa kupeleka namba ya tapeli kwenda 15040, siku hizi anafanya kwa raha kabisa kama askari.

Kijana akanishauri, "Chukua cha mtandao mmoja, mama, dakika zake nyingi." Nikachukua. Siku ya tatu dakika zimekatika vibaya, hazilingani na daftari. Ilikuwa shangazi yao: namba yake inaanza kama za mtandao huohuo, lakini alihama zamani akabaki na namba yake. Tangu mwaka 2017 mtu anaruhusiwa kuhama mtandao bila kubadili namba, kwa hiyo tarakimu za mwanzo hazikwambii kitu tena. Nikarudi kwenye kifurushi cha mitandao yote. Dakika chache, lakini dakika ni dakika, mtoto hana haja ya kujua shangazi yuko wapi.

Kilichopunguza gharama zaidi ni namna ya kununua. Zamani nilikuwa narusha vocha kwenye simu yao halafu wanajiunga wenyewe. Chenji inabaki kwenye salio la kawaida, na salio la kawaida ndilo chakula cha kila mdudu: kifurushi kikiisha simu inaendelea kwa bei ya nje ya kifurushi, huduma za meseji zinakata, deni linakata. Sasa sirushi vocha. Nanunua kifurushi moja kwa moja kutoka akaunti ya pesa ya simu yangu, nachagua kumnunulia mwingine, naweka namba ya watoto. Kinaingia kifurushi kama kilivyo, salio lao linabaki sifuri. Sifuri haikatwi.

Cha wiki, shilingi 1,000, cha mitandao yote. Nakinunua Jumapili jioni nikimaliza kupiga pasi sare za shule, ili kiishe Jumapili jioni nyingine. Nilishawahi kununua Jumatano asubuhi, kikaisha Jumatano asubuhi niko kwenye daladala nimebanwa, sikukumbuka mpaka Alhamisi. Cha mwezi kwa hesabu ya dakika ni rahisi zaidi, najua. Ila mtoto mwenye dakika za mwezi anapiga za mwezi wiki ya kwanza. Mimi mwenyewe nafanya hivyo.

Intaneti sikuwanyima, nimeihamisha. Kundi la wazazi la darasa liko kwenye simu yangu, kazi za likizo zinatumwa huko. Nikirudi, binti anapewa simu yangu dakika 40 mezani, mimi nikipika. Wakati huohuo baba yao anapiga kwa WhatsApp kama yuko upande wa Zambia au Kongo, maana kumpigia kwa kawaida akiwa nje ni gharama. Hapo ndipo tunapogombana bado. Binti anasema wenzake wote wana simu zao na wanajadili masomo usiku. Nimemwambia akimaliza mtihani wa taifa wa kidato cha pili tutaongea. Amebandika tarehe ya mtihani ukutani, na pembeni ameandika "TUTAONGEA" kwa wino mwekundu.

Mwezi uliopita nilitumia shilingi 4,500, pamoja na 500 ya ziada siku mdogo alipopata homa na simu zikawa nyingi kidogo. Tumekubaliana ishara: bip moja, tumefika nyumbani. Bip mbili, mama piga ukipata nafasi. Tatu, piga sasa hivi. Bosi wangu ameshazijua. Saa tisa na nusu simu ikilia mara moja kwenye droo ananitazama juu ya miwani anasema, "Wamefika," anaendelea kupima kitambaa.

Juzi ziliita tatu. Nikaacha mteja na kitenge mkononi, nikatoka nje mbio kupiga. Akapokea mdogo.

"Mama, bibi anasema yule mbuzi amezaa mapacha."