"Mmeelewa?": swali nililoacha kuuliza

Kwa miaka minne nilifunga kila kikao cha asubuhi kwa neno hilo moja, na kwa miaka minne nilijibiwa kwa sauti moja: "Tumeelewa, bosi." Mimi ni msimamizi wa ghala. Nina watu 11, na kazi yetu ni kupokea mizigo, kuipanga, kuibandika lebo na kuipakia kwenye malori. Niliamini ni kazi ya mikono zaidi kuliko mdomo.

Asubuhi moja nilisema, "Mizigo ya jana itoke kwanza," nikauliza swali langu, nikajibiwa, tukatawanyika. Kichwani mwangu mizigo ya jana ilikuwa ile iliyobaki bila kupakiwa. Kijana aliyeshika orodha yeye alielewa ile iliyoingia jana. Kufika saa nane mchana lori lilikuwa limeshaondoka na maboksi ya mteja mwingine kabisa.

Nilimfokea mbele ya wenzake. Hakujitetea. Alisimama akikunja pembe ya ile karatasi, anaikunjua, anaikunja tena. Nilipomaliza nikamuuliza kwa nini hakuuliza, akajibu taratibu, "Ulionekana una haraka, bosi."

Ningemkuta ananijibu kwa jeuri, ningelala vizuri usiku ule. Jibu lake halikuwa na jeuri hata chembe, na lilikuwa kweli tupu. Kumbe watu walikuwa wanausoma uso wangu kwanza, ndipo waamue kama swali lina nafasi.

Nikaanza kusoma saikolojia, bila darasa wala mwalimu, kidogokidogo jioni. Kilichonishika mapema ni jaribio la Elizabeth Newton, aliyelifanya katika utafiti wake wa shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1990. Aliwapa watu nyimbo zinazojulikana sana, wazigonge kwa vidole mezani, mwingine asikilize na kuutaja wimbo. Wagongaji walitabiri kwamba wasikilizaji wangepatia nusu ya nyimbo. Zilipigwa nyimbo 120. Zilizotambuliwa ni 3 tu. Mgongaji anausikia wimbo mzima kichwani, maneno na ala zake, hivyo anashangaa mwenzake anavyoshindwa. Msikilizaji anachosikia ni ko, ko-ko, ko.

Nililifanya jaribio hilo kazini. Kikao cha Jumatatu, badala ya kusoma orodha, nikagonga juu ya boksi wimbo ambao kila mmoja pale anaujua tangu utotoni. Nikagonga kwa bidii, kichwa nikitikisa. Kimya. Nikarudia. Mmoja akasema ni sauti ya mtu anayepigilia msumari, na yule kijana wa orodha, ambaye tangu siku ile alikuwa ananikwepa, akasema, "Bosi, hiyo ni mashine ya tepu imekwama." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilipoutaja wimbo wenyewe walikataa katakata. Nikawaambia, "Basi hivi ndivyo nilivyosema 'mizigo ya jana'." Kicheko kilikatika, yule kijana akanitazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

Msidhani kuanzia hapo mambo yalinyooka. Hatua iliyofuata niliiharibu mwenyewe. Nilisoma kwamba hospitalini wauguzi humwomba mgonjwa aeleze kwa maneno yake namna atakavyotumia dawa, ili wajue wao wenyewe kama wameeleweka. Nikalichukua wazo kichwa kichwa: kila baada ya maelekezo namnyooshea mtu kidole, "Hebu rudia nilichosema." Siku ya nne mama mmoja, mkongwe kuliko mimi pale ghalani, akanivuta pembeni. "Mwanangu," akaniambia (akiniita hivyo najua nimekosea), "sisi si watoto wa shule. Unatupa mtihani."

Alikuwa sahihi. Maneno yale yalimtwisha msikilizaji mzigo uliokuwa wangu. Nikabadilisha swali, sasa nauliza, "Utaanzia wapi?" Mtu akijibu hilo, naona picha yote iliyo kichwani mwake. Akiniambia, "Naanza na rafu za nyuma," wakati mimi nilimaanisha za mbele, tunarekebisha palepale na hakuna aliyefedheheka. Swali hilo limeniokolea safari nyingi za lori kuliko fomu yoyote tuliyowahi kujaza.

Jambo gumu kwangu lilikuwa uso, maana ulimi hufundishika. Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alichunguza makosa ya utoaji dawa hospitalini na kuchapisha matokeo mwaka 1996. Alitarajia timu zenye uongozi mzuri na maelewano zingekuwa na makosa machache. Hesabu ikaja kinyume: ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi kwenye kumbukumbu. Maelezo aliyofikia ni kwamba huko watu hawakuogopa kuyasema. Baadaye, mwaka 1999, aliandika kuhusu usalama wa kisaikolojia kazini, yaani ile hali ya watu kuamini kwamba hapa mtu anaweza kuuliza, kukiri kosa au kupinga jambo bila kuaibishwa.

Nilisoma hayo nikalikumbuka daftari letu la makosa. Lilikuwa safi kama jipya. Nilikuwa nikijivunia usafi huo mbele ya wakubwa wangu!

Siku ya kwanza mtu alipokuja mwenyewe kuniambia, "Nimebandika lebo zisizo zake kwenye rundo zima la maboksi," nilisikia taya zikikaza. Nilikuwa nimejiandalia sentensi moja fupi kwa ajili ya saa kama hiyo, nikaitoa ikiwa imekauka kama karatasi: "Asante kwa kuniwahi." Nadhani hakuiamini. Lakini tulizibandua pamoja, dakika 40, na sikurudi kulizungumza tena. Habari hiyo ilizunguka ghalani bila mimi kuitangaza. Mwezi uliofuata daftari lilianza kujaa, mkuu wangu akaniita kuuliza kimetokea nini, mbona makosa yameongezeka. Nikamwonyesha safu ya pili, ya mizigo iliyorudishwa na wateja, ambayo ilikuwa inapungua. Alikodoa macho kitambo, akaniruhusu niendelee "kwa sasa".

Kuhusu kumkosoa mtu nitasema kwa kifupi. Nilikuwa nimefundishwa kufunika lawama kwa sifa, sifa mwanzo na sifa mwisho. Matokeo yake nikimwambia mtu "unafanya kazi nzuri" anakaa mkao wa kusubiri "lakini". Watafiti Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti nyingi za mrejesho, yaani kumwambia mtu kazi yake imekwendaje, na kuchapisha mwaka 1996. Katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo waliyopitia, mrejesho uliishusha kazi badala ya kuipandisha. Mojawapo ya sababu ni kwamba macho ya mtu yanahama kutoka kwenye kazi, anaanza kujitazama yeye: mimi ni mtu wa namna gani? Ndiyo maana sasa nasema, "Lebo 3 zimebandikwa juu ya maungio ya boksi, zitachanika," naishia hapo. Neno "mzembe" nimelifuta. Na sifa naitoa peke yake, siku yake, bila mkia.

Ujumbe wa simu nao una mambo yake. Jioni moja nilimwandikia mfanyakazi, "Kesho asubuhi nione." Nilitaka tu kumpa funguo za stoo kwa sababu nilikuwa nasafiri. Alifika macho mekundu, hakulala, ameshamwambia mkewe kwamba kazi imekwisha. Herufi hazina sauti. Sisi tunaoandika tunaisikia sauti yetu wenyewe tukidhani na msomaji anaisikia. Ni ile ko-ko-ko tena. Siku hizi ninaandika sababu ndani ya ujumbe uleule, hata ikiwa ni ya maneno mawili.

Wapo watakaoisoma habari hii wadhani nimegeuka bosi wa kubembeleza. Hapana. Mwaka huohuo nilimpa mtu barua ya onyo kwa utoro, na sikuona aibu. Wala sidai kwamba saikolojia inaziba kila pengo. Mtu ambaye mshahara wake umechelewa humtulizi kwa kumsikiliza vizuri, na mashine mbovu haitengenezwi kwa maswali ya upole. Kuna wiki nimejikuta nimerudia hasira zangu za zamani, hasa mwisho wa mwezi malori yanapopanga foleni. Tofauti ni kwamba sasa yule mama hunipitia na kuniambia, "Uso, mwanangu," kisha anaendelea na kazi zake.

Wiki iliyopita, katika kikao, nilisema kwa mazoea, "Tuanze na mizigo ya jana." Yule kijana wa orodha akanyosha mkono kabla sijamaliza. "Bosi, jana ya kuingia au jana ya kubaki?" Wote wakageuka kunitazama. Nikaangalia karatasi yangu, nikaigeuza upande wa pili, nikairudisha. Ukweli ni kwamba hata mimi sikuwa na uhakika. Ikabidi niende kuangalia.