Siku niliyotua KIA badala ya Kisongo

Ilikuwa Aprili, masika yamekolea. Nilitoka Seronera, Serengeti, na ndege ndogo ya Cessna 206, wageni wanne nyuma, naelekea Kisongo, uwanja wa ndege wa Arusha. Nilipovuka Ngorongoro, mawingu yalikuwa yameshuka na Mlima Meru hauonekani kabisa. Mnara wa Arusha waliponisomea hali ya hewa, nikajua pale sitatua.

Kilichonijia kichwani kwanza ni ankara. Kampuni niliyoifanyia kazi wakati ule ilikuwa ikimhoji rubani aliyetua uwanja usiopangwa, na mara nyingine ada ikakatwa kwenye mshahara wake. Basi nikaanza kupiga hesabu: ada ya kutua kwa uzito wa ndege, maegesho, gari la kuwarudisha wageni Arusha. Mkono uko kwenye usukani, wingu liko mbele, mimi nahesabu pesa! Marubani wamekufa kwa kuchelewa namna hiyo.

Nikaacha hesabu. Kisongo iko mita 1,387 kutoka usawa wa bahari, KIA, yaani uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, mita 894. Wingu lililolala juu ya nyasi za Kisongo, ukifika KIA linaweza kukuachia karibu mita 500 za kuona chini. Nikageuza kusini, nikapita juu ya mbuga za Wamasai mbali na mlima, mafuta ya zaidi ya saa moja yakiwa bado kwenye tangi.

KIA walinipokea vizuri mno. Dada wa malipo aliniona nimelowa jasho, akasema, "Pole, kapteni, kaa kwanza unywe maji." Ndipo akanitolea bili yenye kontroli namba, yaani namba ya kulipia, nikalipa kwa simu.

Jioni ile niliandika ukurasa mmoja: saa niliyogeuza, hali ya hewa niliyopewa, mafuta yaliyobaki. Nikabana na risiti, nikampelekea bosi mkononi. Nikamwomba atamke kwa maandishi kwamba ada ya kukimbia hali ya hewa ni ya kampuni. Alisita wiki mbili, akasaini.

Uingereza wamekwenda mbali zaidi. Charles Strasser wa AOPA, chama cha wamiliki wa ndege na marubani, alivishawishi viwanja zaidi ya 200 visiitoze ndege ndogo iliyolazimika kutua kwa dharura au kwa hali mbaya ya hewa. Natamani sana jambo hilo lifike na huku kwetu. Kwa sasa, rubani kijana akijiunga nasi, namtolea nakala ya barua ile kabla hajaruka peke yake.