Mkono Ulikubali, Mguu Ukakataa

Usiku wa leo nimerudia kutazama dakika za mwisho za mechi ya tarehe 24 Januari 2010, ile iliyochezwa New Orleans, na nimetambua kwamba kwa miaka yote hii nilikuwa nikimtazama Brett Favre mkono, kumbe nilipaswa kumtazama miguu.

Kwa msomaji asiyefuatilia futiboli ya Kimarekani, kwotabeki ni yule mchezaji anayekabidhiwa mpira mwanzoni mwa kila shambulizi, akawa na sekunde chache tu za kuamua amrushie nani, huku wanaume wenye uzito wa kilo 120 na zaidi wakimkimbilia ili wamwangushe. Siku ile Favre alikuwa kwotabeki wa Minnesota Vikings, akiwa na umri wa miaka 40, na matokeo yalikuwa 28 kwa 28 zikiwa zimebaki sekunde zisizofika 20. Timu ilihitaji kusogea yadi chache tu ili mpigaji wao apate nafasi ya kupiga mpira katikati ya milingoti na kuipeleka Super Bowl, fainali ya ligi. Favre alikimbilia kulia, na mbele yake palikuwa peupe. Kijana angechukua zile yadi tano au sita kwa miguu, akajilaza chini, kazi ikaisha. Yeye alikuwa ameangushwa mara kwa mara tangu mwanzo wa mechi, kifundo cha mguu kimevimba, na badala ya kukimbia akageuza kiwiliwili na kurusha mpira kuelekea katikati ya uwanja, dhidi ya mwelekeo wa mwili wake mwenyewe. Tracy Porter wa New Orleans Saints akaunasa. Mechi ikaingia muda wa nyongeza, na Saints wakashinda 31 kwa 28.

Nilikuwa nimehamia Minneapolis kutoka Tanga miaka mitatu kabla, na mchezo huu nilifundishwa na jirani yangu, mwenyeji mtu mzima niliyezoea kumwita Mzee. Sitasahau kwamba Mzee alisimama kutoka kitini kabla mpira haujatoka mkononi mwa Favre. Aliliona kosa likija. Mimi nilikuwa bado nashangilia.

Kwetu husemwa kwamba ng'ombe hazeeki maini, na kwa miaka mingi nililichukulia neno hilo kuwa sifa tupu kwa wazee. Sasa naona ndani yake kuna onyo pia, kwa sababu halikusema kwamba ng'ombe hazeeki miguu. Mwili hauzeeki kwa mkupuo mmoja. Mkono wa Favre ulikuwa bado mkono ule ule uliowashangaza watu wa Green Bay, timu yake ya zamani, mwaka 1992, na msimu huo wa 2009 alirusha pasi 33 za kufunga, na pasi zake zilizonaswa na wapinzani zilikuwa 7 tu, kiwango ambacho hakuwa amekifikia hata alipokuwa kijana. Basi nani angemwambia kwamba amekwisha, na angemwonyesha ushahidi gani? Kile kiungo kilichomletea jina ndicho kilichobaki hai mpaka mwisho, na ndicho kilichokuwa kikitoa ahadi kwa niaba ya viungo vingine ambavyo havikuwa na uwezo wa kuzitimiza.

Nimeliona jambo hili nyumbani. Marehemu baba alikuwa fundi cherehani, na macho yake yalianza kufifia miaka mingi kabla ya mikono. Mikono ilijua kazi kiasi kwamba aliweza kupinda kanzu huku akizungumza na wateja, lakini uzi tulimtungia sisi watoto sindanoni, kwanza jioni tu, kisha na mchana. Hakuna aliyemwambia kitu. Kila mmoja wetu alitunga uzi na kunyamaza, na yeye aliupokea na kunyamaza, na hivyo tukaenda pamoja miaka minne au mitano.

Watu husema kwa wepesi kwamba mchezaji anapaswa kutundika daluga akiwa kileleni, na mfano wanaoutoa ni John Elway, kwotabeki wa Denver Broncos, aliyestaafu mwaka 1999 akiwa na miaka 38, miezi michache baada ya kutwaa Super Bowl ya pili mfululizo. Mimi siukubali ushauri huo, kwa sababu kilele hujulikana ukishateremka. Y. A. Tittle wa New York Giants aliweka rekodi ya pasi 36 za kufunga mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 36 au 37. Angejuaje kwamba pale ndipo juu? Septemba ya mwaka uliofuata, huko Pittsburgh, alipigwa kikumbo kizito, na mpiga picha mmoja akamnasa akiwa amepiga magoti, kofia ya chuma imevuka, kichwa chenye upara kikichuruzika damu. Picha ile imekuwa mashuhuri kuliko zile pasi 36. Alicheza hadi mwisho wa msimu huo, kisha akaondoka.

Kwa Peyton Manning, kwotabeki mwingine, mambo yalikuwa kinyume, kwani akili ndiyo iliyobaki na mkono ukatangulia. Operesheni za shingo zilikuwa zimedhoofisha mishipa ya fahamu ya mkono wake wa kulia, na ingawa alirudi uwanjani akiwa na timu ya Denver na kuvunja rekodi mwaka 2013, ile siku ya tarehe 15 Novemba 2015 inaniumiza hata leo nikiikumbuka. Mechi ilisimamishwa kidogo ili apigiwe makofi kwa kumpita Favre katika jumla ya yadi za pasi alizopata maishani, na mechi hiyo hiyo akakamilisha pasi 5 kati ya 20, nne zikanaswa, kocha akamtoa. Heshima kubwa kuliko zote na fedheha kubwa kuliko zote zilimfika ndani ya saa chache, mbele ya watu wale wale. Februari iliyofuata alitwaa Super Bowl akibebwa na safu ya ulinzi, na mwezi wa Machi akaaga.

Tom Brady naye, kwotabeki pia, hakuwa na kiungo kilichomwambia aondoke. Akiwa na miaka 44 aliongoza ligi nzima kwa yadi na kwa pasi za kufunga, akastaafu, na baada ya siku 40 akatangaza kwamba anarudi. Wapo waliomwona kigeugeu. Mimi nilimwonea huruma, kwa sababu mtu ambaye mwili haumpi jibu hubaki kulitafuta mwenyewe, na sidhani kwamba siku 40 ni nyingi kwa swali kama hilo.

Favre alikuwa amekwisha kulia mbele ya kamera huko Green Bay, Machi 2008, akisema anaaga. Alipobadili nia miezi michache baadaye, nafasi yake alikuwa amepewa Aaron Rodgers, aliyekaa nyuma yake miaka 3 akingoja, na timu haikuwa tayari kumwondoa. Akaenda New York Jets, akastaafu tena, kisha akaja kwetu Minnesota. Agosti 2010, baada ya ule msiba wa New Orleans, wachezaji wenzake Jared Allen, Steve Hutchinson na Ryan Longwell walisafiri hadi kwake Mississippi kumwomba arudi. Walikwenda kama washenga, na nilifurahi sana siku ile, nikampigia Mzee simu nikiwa kazini. Leo najiuliza kama sisi sote hatukuwa wale watoto wanaotunga uzi.

Desemba ile, paa la Metrodome, uwanja wa nyumbani wa Vikings, liliporomoka kwa uzito wa theluji. Siku moja baadaye Favre alikosa mechi kwa mara ya kwanza tangu Septemba 1992, baada ya kuanza mechi 297 mfululizo za msimu wa kawaida. Tarehe 20 mechi ilichezwa katika uwanja wa wazi wa chuo kikuu, kwenye baridi kali, na yeye ambaye tuliambiwa hatacheza akatokea uwanjani. Kijana wa Chicago Bears, Corey Wootton, aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza, alimwangusha, na kichwa kikagonga ardhi iliyoganda. Alilala pale bila kujigusa. Mzee alisema neno moja tu, kwamba inatosha, na sikujua kama alikuwa anamwambia Favre au ananiambia mimi. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho. Mwaka 2024, mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, Favre alieleza kwamba amegundulika kuwa na ugonjwa wa Parkinson, na niliposikia nilikumbuka jinsi nilivyoshangilia simuni.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba ingekuwa heri angebaki nyumbani mwaka 2009. Nimejaribu usiku huu kulisema kwa sauti, peke yangu sebuleni, na halikutoka. Msimu ule ulikuwa mzuri mno.

Julai 2011 Vikings walimleta Donovan McNabb, kwotabeki mwenye miaka 34, na magazeti yakaandika kwamba mkono wake bado una nguvu. Mzee alinipigia simu asubuhi hiyo hiyo kuniuliza kama nitakuja Jumapili ya kwanza ya msimu. Nilikwenda. McNabb alianza mechi 6, akapumzishwa benchi ili kijana Christian Ponder apate nafasi, na kabla ya Krismasi akaachwa; hakucheza tena katika ligi ile.