Mradi wa kichochoro cha matumbawe: sasa nachora dari

Haya, kile kichochoro, yaani njia ya chini ya maji inayopenya mwamba wa matumbawe, kuichorea ramani kunaendelea. Mdomo wa kuingilia na wa kutokea nishaichora kwenye kibao cha plastiki, imebaki katikati na dari, na dari ndo kazi kwelikweli. Kina chake ni kama mita 4 tu maji yakipwa, mtu akisikia hivyo anaona mchezo, ila ukishakuwa chini ya mwamba huwezi kuibuka popote unapotaka, kwa hiyo sheria yetu ni ileile, huoni mwanga wa upande wa pili basi hupiti, na mmoja akizama mwenzake anabaki juu anamtazama mpaka atoke na pumzi imrudie. Na hakuna kuhemahema haraka kabla ya kuzama! Ile inapunguza kabonidioksaidi, hamu ya kuvuta hewa inachelewa kuja, oksijeni yenyewe haiongezeki kitu cha maana, mtu anazimia bila kujua.

Msukumo wa maji nao. Wimbi likipita juu, humo ndani maji yanakupeleka mbele halafu yanakurudisha, na pale panapobana ndo yanakimbia zaidi. Sishindani nayo siku hizi. Yakirudi natulia, yakienda nateleza nayo, mapezi pale kati siyapigi kabisa maana mchanga unatibuka na matumbawe ya pembeni yanavunjika.

Sasa dari. Watu wakipita humo macho yote kwenye mwanga wa mbele, kumbe uhondo uko juu ya kichwa. Bila tochi ni rangi ya udongo tu kwa sababu maji yanameza wekundu mapema sana, washa tochi sasa, machungwa matupu! Matumbawe ya vikombe, kila kikombe kama ncha ya kidole, minyiri ya njano imechomoza. Haya hayana ule mwani unaoishi ndani ya matumbawe mengine na kuyapikia chakula kwa jua, yanadaka vinavyopita na maji, ndo maana giza haliyasumbui. Picha zake tutapiga bila mitungi ya hewa, nimeshaamua, maana mapovu ya mtungi yanakwama kwenye vishimo vya dari na kiumbe kikibaki ndani ya ile hewa kinakauka.

Mkunga, yule samaki kama nyoka, wa shimo la kushoto nimemtia kwenye ramani, mkono usipite hapo. Bado upana wa pale panapobana, kamba ya kupimia inayumba mno, tutasubiri maji mafu, siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana, na bahari iwe shwari.